Ushindani wa Programu za Ofisi na Hatima ya Istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu programu za ofisi, yaani programu za kuandikia matini, za kutengenezea lahajedwali na za kuandalia mawasilisho, umezoeleka kuachwa mikononi mwa wahandisi na wahasibu. Wahandisi huuliza ni programu ipi ifanyayo kazi kwa wepesi. Wahasibu huuliza ni ipi yenye gharama nafuu. Ni nadra wanaisimu kuulizwa neno, na ni nadra zaidi wao wenyewe kudai nafasi ya kusema. Hali hii inashangaza, kwa sababu programu ya ofisi ni chombo cha lugha kabla haijawa chombo cha kitu kingine chochote. Barua ya serikali, hukumu ya mahakama, tasnifu ya mwanafunzi, mswada wa riwaya na muhtasari wa kikao cha kamati, vyote siku hizi hupitia humo.

Makala haya yanajadili ushindani wa soko baina ya programu huria na programu miliki za ofisi, na athari ya ushindani huo kwa Kiswahili. Msimamo unaotetewa ni kwamba ushindani huo umekifaa Kiswahili kwa namna ambayo soko lenye mwuzaji mmoja lisingeweza. Lakini manufaa hayo hayatadumu iwapo istilahi za Kiswahili zitaachwa ziwe mali ya washindani badala ya kuwa mali ya wazungumzaji.

Yafaa kwanza kubainisha dhana. Programu miliki ni ile ambayo msimbo wake chanzo hufichwa na mwenye hakimiliki, na mtumiaji hununua au hukodi ruhusa ya kuitumia tu. Programu huria ni ile ambayo leseni yake humruhusu mtu yeyote kuitumia, kuuchunguza msimbo wake, kuurekebisha na kuisambaza. Kiingereza hutumia neno moja kwa maana mbili, uhuru na kutolipiwa, na utata huo umezaa mabishano ya miaka mingi. Kiswahili kinayo maneno mawili, huru na bure, wala hakina sababu ya kuyachanganya. Tena neno bure lina kivuli chake: kazi bure ni kazi isiyo na tija, na maneno ya bure ni maneno yasiyo na maana. Anayeinadi programu huria kwa sifa ya kuwa ya bure peke yake huenda, pasipo kukusudia, akawa anaiumbua sokoni.

2.0 Chimbuko la Ushindani

Katika miaka ya 1980 soko la programu za ofisi lilikuwa na washindani kadhaa wenye nguvu, na wote waliuza programu miliki. WordPerfect ilitamba katika uandishi wa matini. Lotus 1-2-3, iliyotolewa mwaka 1983, ilitamba katika lahajedwali. Microsoft ilizikusanya Word, Excel na PowerPoint katika fungu moja liitwalo Office, lililotoka kwanza kwa ajili ya kompyuta za Macintosh mwaka 1989, kisha kwa ajili ya Windows mwaka 1990. Fungu hilo lilikuwa na faida mbili. Kwanza, bei yake ilikuwa ndogo kuliko jumla ya bei za programu zake zikinunuliwa mojamoja. Pili, mwuzaji wake ndiye aliyekuwa pia mwenye Windows, mfumo ambao kompyuta nyingi zilikuwa zikihamia. WordPerfect ilichelewa kutoa toleo la Windows; ikauzwa kwa Novell mwaka 1994, na kwa Corel mwaka 1996. Kufikia mwisho wa muongo huo ushindani ulikuwa umekaribia kwisha.

Mshindani mpya alizuka mahali ambapo hakutazamiwa. Kampuni ya Kijerumani ya Star Division ilikuwa na programu iitwayo StarOffice. Mwaka 1999 kampuni hiyo ilinunuliwa na Sun Microsystems ya Marekani, na mwaka 2000 Sun ikauweka msimbo wa programu hiyo hadharani chini ya leseni huria. Toleo la kwanza kamili la OpenOffice.org likatoka mwaka 2002. Sun haikufanya hivyo kwa ukarimu mtupu. Ilikuwa mshindani wa Microsoft katika nyanja nyingine, nayo ilitaka kupunguza nguvu ya mpinzani wake katika uwanja aliokuwa amejichimbia zaidi. Hata hivyo, nia ya mtoaji haikupunguza thamani ya kilichotolewa.

Tofauti ya aina hizi mbili za programu ilidhihirika miaka kumi baadaye. Mwaka 2010 Sun ilimezwa na Oracle. Wengi wa waliokuwa wakiijenga OpenOffice hawakuridhishwa na mwenendo wa mmiliki mpya. Mnamo Septemba mwaka huohuo wakajitenga, wakaunda taasisi iitwayo The Document Foundation, na kuuendeleza msimbo uleule kwa jina la LibreOffice. Mwaka 2011 Oracle iliikabidhi OpenOffice kwa Wakfu wa Apache. Hapa pana fundisho. WordPerfect ilipobadilisha wamiliki mara mbili katika miaka miwili, watumiaji wake hawakuwa na la kufanya ila kungoja. OpenOffice ilipobadilisha mmiliki, jamii iliyoizunguka iliweza kuondoka na chombo chake. Leseni ndiyo iliyowapa uwezo huo.

3.0 Umbizo la Waraka kama Ngome ya Soko

Ingekuwa bei ndiyo iamuayo, ushindani huu ungekwisha zamani, kwa sababu hakuna mwuzaji awezaye kushuka chini ya sifuri. Lakini soko la programu za ofisi halifuati mkondo wa soko la sukari au saruji. Thamani ya programu kwa mtumiaji mmoja hutegemea idadi ya watumiaji wengine anaobadilishana nao nyaraka. Karani hachagui programu kwa kupima ubora wake. Huchagua ile itakayofungua faili lililotumwa na wizara bila kuvuruga majedwali. Kwa hiyo ngome ya programu miliki ilijengwa katika umbizo la waraka, yaani namna faili linavyohifadhiwa ndani ya kompyuta. Mwenye kuimiliki siri ya umbizo huwamiliki walioandika nyaraka zao kwa umbizo hilo.

Vita vya kweli vilipiganwa hapo. Umbizo la ODF, linalotumiwa na OpenOffice na LibreOffice, lilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa na shirika la ISO mwaka 2006. Microsoft, iliyokuwa ikiandaa umbizo jipya kwa ajili ya Office 2007, nayo iliwasilisha umbizo lake liitwalo OOXML, lenye maelezo ya zaidi ya kurasa 6,000. Kura ya mwaka 2007 ililikataa. Baada ya marekebisho likapita mwaka 2008, na Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zikakata rufaa zisizofanikiwa. Waliopinga walidai kuwa viwango viwili kwa kazi moja ni sawa na kutokuwa na kiwango. Dai hilo lina uzito, lakini lisifiche jambo moja kubwa: kabla ya kuwako kwa mshindani, maumbizo ya Office yalikuwa siri ya nyumbani, baada ya kuwako kwake, mwenye siri alilazimika kuiandika na kuiweka mezani.

Uzoefu wa mji wa Munich nchini Ujerumani unaonyesha jinsi ngome hiyo ilivyo imara hata baada ya ukuta wa nje kubomolewa. Mwaka 2003 Baraza la Jiji liliamua kuhamia katika programu huria, na mkuu wa Microsoft wa wakati huo, Steve Ballmer, alifika mwenyewe kujaribu kumshawishi meya abadili nia. Kazi ya kuhama ilikamilika mwaka 2013, ikiwa imegusa kompyuta zaidi ya 14,000. Hata hivyo, mwaka 2017 Baraza hilohilo lilipiga kura ya kurejea Windows. Aghalabu mfano huu hutajwa kuwa ushahidi wa kushindwa kwa programu huria. Ni sahihi zaidi kuusoma kama ushahidi kwamba ofisi moja haiwezi kujitenga na majirani zake wote kwa gharama yake peke yake. Jimbo la Schleswig-Holstein, katika nchi hiyohiyo, lilitangaza mwaka 2024 kuwa litahamishia LibreOffice kompyuta zipatazo 30,000. Kwa hiyo hoja haijafungwa.

4.0 Lugha Ndogo Sokoni

Kwa mtazamo wa kawaida, wakubwa wanapopambana ni wadogo wanaoumia. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Katika suala la lugha mambo yamekuwa kinyume, na methali inayofaa ni ile isemayo kuwa vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Mfano ulio wazi ni wa Norwei. Nchi hiyo ina maandishi rasmi ya aina mbili, na Nynorsk, iliyo na watumiaji wachache zaidi, haikuwa na toleo lake la Microsoft Office. Mwishoni mwa mwaka 2002 shule nyingi za sekondari zilitishia kuacha kununua programu hiyo. Tishio hilo lilikuwa na meno kwa sababu mbili: sheria ya elimu ilidai vifaa vya kufundishia viwepo kwa maandishi yote mawili, na tafsiri huria ya OpenOffice kwa Nynorsk ilikuwa ikiandaliwa. Kampuni ikakubali, na Office 2003 ikapatikana kwa Nynorsk. Ombi lisilo na njia mbadala hubaki ombi. Lenye njia mbadala hugeuka sharti.

Kiswahili nacho kilipitia mkondo unaofanana na huo. Kwa takribani miaka 15 tangu Office itoke, lugha yenye mamilioni ya wazungumzaji Afrika Mashariki na Kati haikuwa na programu ya ofisi inayozungumza nayo. Kisha, ndani ya mwaka mmoja, milango miwili ikafunguka. Mwaka 2004 Microsoft ilitangaza mpango wa kukiingiza Kiswahili katika programu zake, na baadaye vifurushi vya lugha vya Windows XP na Office 2003 vikatolewa. Mwaka huohuo, mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden na kwa msaada wa fedha za nchi hiyo, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice kwa Kiswahili. Si rahisi kuamini kwamba wingi wa wazungumzaji, ambao ulikuwapo siku zote, ndio uliosababisha haraka ya ghafla namna hiyo. Kilichobadilika ni kuwako kwa mshindani.

Kazi zote mbili ziliwakabili wanaistilahi kwa mtihani ambao vitabu vya isimu havikuwa vimewaandalia. Istilahi ya kamusi ina nafasi ya kujieleza. Istilahi ya kiolesura haina. Neno lazima litoshe katika kitufe, lieleweke bila muktadha, na liwe amri. Vitenzi vya Kiswahili vilionyesha wepesi wao hapo: hifadhi, nakili, bandika, futa, bofya. Tendua, linalotumika sasa katika violesura vya Kiswahili kwa kitendo cha kuondoa lililokwisha kufanywa, limetumia kauli ya kutendua ambayo kila mwanafunzi wa sarufi anaijua kupitia funga na fungua, ziba na zibua. Hakuna ukopaji uliohitajika. Mofolojia ya lugha ilikuwa na jibu tayari.

Lakini ushindani uleule ulioleta neema ulileta pia kasoro. Kila upande ulikuwa na faharasa yake na taratibu zake. Katika lugha ambayo tayari ina kompyuta, tarakilishi na ngamizi kwa kitu kimoja, kipanya na puku kwa kingine, nywila na neno la siri kwa kingine tena, wingi wa vyanzo vya istilahi bila msuluhishi si utajiri. Mwanafunzi aliyejifunza menyu ya programu moja alitakiwa kujifunza upya alipohamia nyingine, na njia ya mkato ikawa kurudi kwenye Kiingereza. Washindani washindane katika ubora wa chombo. Majina ya vitufe yasiwe silaha.

5.0 Hoja za Wapinzani

Hoja ya kwanza inayotolewa dhidi ya msimamo huu ni kwamba watumiaji wenyewe hawakutaka kiolesura cha Kiswahili. Ni kweli kwamba wengi walioziona programu hizo walizirejesha katika Kiingereza. Lakini mtu aliyefundishwa kwa Kiingereza, akatahiniwa kwa Kiingereza, na kupewa cheti kinachotaja jina la bidhaa ya kampuni moja, hawezi kusemwa kuwa amechagua. Mtaala wa kompyuta unaofundisha bidhaa badala ya ujuzi ni tangazo la biashara linalolipiwa na mzazi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Inasemwa kwamba katika Afrika Mashariki programu huria haina faida ya bei, kwa kuwa programu miliki nayo hupatikana mitaani bila malipo katika nakala zisizo na leseni. Hapa bure hushindana na bure, na iliyozoeleka hushinda. Sheria za hakimiliki za Tanzania ya mwaka 1999 na Kenya ya mwaka 2001 hazikuumaliza mtindo huo. Hoja hii ni sahihi kama maelezo ya hali, si kama utetezi wake. Nakala isiyo na leseni humfunga mtumiaji katika umbizo na mazoea ya mwenye mali, humnyima masahihisho ya usalama, na humfanya mteja wa kesho pindi sheria itakapobisha hodi. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ya kuiba haisitiri hata kidogo.

Hoja ya tatu yatokana na mabadiliko ya soko lenyewe. Google Docs ilianza mwaka 2006, na Office 365 mwaka 2011. Sasa programu za ofisi hutumiwa kupitia intaneti, nyingine kwa ada ya kila mwezi na nyingine bila ada. Je, ushindani wa zamani haujapitwa na wakati? La hasha. Hapa ndipo tofauti ya bure na huru inapokuwa na faida. Huduma isiyolipiwa, ambayo msimbo wake umefichwa na nyaraka zake zimehifadhiwa katika seva za mwingine, ni ya bure lakini si huru. Siku mwenye huduma atakapoamua kuwa Kiswahili hakimlipi, hapatakuwa na kitu cha kuondoka nacho.

Hoja ya nne inaigusa programu huria yenyewe, nayo haipaswi kukwepwa. Jambo OpenOffice haikuendelezwa. Mradi uliotegemea fedha za wafadhili ulifika ukomo wake, wakati vifurushi vya Kiswahili vya Microsoft viliendelea kutolewa kwa matoleo kadhaa yaliyofuata. Tafsiri ya Kiswahili ya LibreOffice haijakamilika, ingawa programu hiyo inayo kamusi ya kusahihishia tahajia za Kiswahili. Basi uhuru wa leseni hautoshi. Leseni huria huhakikisha tu kwamba kazi iliyoachwa inaweza kuokotwa na mwingine. Haihakikishi kwamba atapatikana wa kuiokota. Jukumu hilo ni la wenye lugha, na idara za Kiswahili ndizo zilizo karibu nalo zaidi.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hakimu anayeandika hukumu kwa lugha hiyo katika kompyuta isiyowekewa kamusi ya Kiswahili huona kila neno lake likipigiwa mstari mwekundu, kana kwamba lugha ya sheria yenyewe ni kosa la tahajia. Picha hiyo inatosha kuonyesha kwamba sera ya lugha isiyofika ndani ya kompyuta imeishia njiani.

Mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, istilahi za kompyuta zilizosanifiwa na BAKITA pamoja na vyombo vinavyohusika vya nchi jirani zitolewe katika faharasa moja yenye leseni huria, ili kila kampuni na kila jamii ya wajenzi wa programu ichote humo. Kampuni ikitumia istilahi hizo ni heri. Lakini isiwe yenyewe ndiyo ghala lake. Pili, zabuni za serikali zidai mambo mawili bila kutaja jina la bidhaa yoyote: kiolesura cha Kiswahili na uwezo wa kuhifadhi nyaraka katika umbizo la wazi. Norwei imeonyesha kwamba sharti la namna hiyo hutimizwa panapokuwa na mbadala. Tatu, vyuo vikuu vipokee na kuhifadhi tasnifu katika umbizo la wazi. Tasnifu iliyohifadhiwa kwa umbizo la siri ni kama kitabu kilichofungiwa sandukuni na ufunguo ukaachwa kwa mwenye duka. Nne, kozi za tafsiri na istilahi zitumie LibreOffice kama karakana, kila mwaka wa masomo ukabidhiwe sehemu ya kiolesura ya kutafsiri, kuhakiki na kuitetea mbele ya wahakiki. Kwa njia hiyo kazi haitategemea mfadhili, wala haitakufa mradi unapofungwa.

Hakuna katika mapendekezo haya linalodai Microsoft ifukuzwe sokoni. Kinyume chake, kuondoka kwa mmoja wa washindani kungekirudisha Kiswahili pale kilipokuwa kabla ya mwaka 2004, kikingoja huruma. Kinachodaiwa ni kwamba wakati washindani wanaendelea kuvutana, maneno ambayo wote wanayahitaji yabaki mikononi mwa wenye lugha.